Nyekundu ya Pipa la Saba

Nilifuta namba hamsini na moja kwenye skrini, nikasita, nikairudisha, kisha nikaifuta tena. Nyuma yangu mjomba Dezső alikuwa akipasha kahawa kwenye jiko la umeme ambalo haliruhusiwi chumbani humo, na kila alipogeuka kuangalia mlango kijiko chake kiligonga sufuria.

"Unaandika au unafuta?" akauliza.

"Nafuta."

"Tangu asubuhi unafuta. Nikikuachia mpaka jioni hatutakuwa na kinu."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha chuma bila kukalia vizuri, nusu nimesimama, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mbele yangu ilikuwa skrini ya chumba cha kuchanganyia, skrini ya maandishi tu, isiyojua picha, iliyounganishwa kwa waya mrefu na kompyuta iliyoko ofisini juu. Kompyuta yenyewe haiwezi kukaa huku chini. Vumbi la paprika, ile pilipili nyekundu tunayosaga, huingia kwenye feni, feni hukwama, na kabla ya Krismasi mashine imekufa ikiwa nyekundu ndani kama tumbo la samaki. Skrini haina feni. Inafutwa kwa kitambaa kikavu na kazi inaendelea.

Kwenye skrini kulikuwa na miraba tisa, mmoja kwa kila pipa la unga. Juu ya kila mraba jina la mkulima, chini yake namba tatu kutoka kwenye kifaa cha kupimia rangi. Namba hizo hakuna aliyezisoma. Kinu hiki kimechanganya paprika kwa macho tangu kabla ya mimi kuzaliwa, na mraba wa rangi ulikuwa kitu pekee ambacho mjomba Dezső alikubali kukitazama badala ya unga wenyewe. Miraba minane ilikuwa myekundu. Wa saba ulikuwa kahawia.

Pipa la saba ni la shangazi Etelka Börcsök, anayelima upande wa kusini, karibu na uzio wa mpaka. Kesho asubuhi uchanganyaji wa mapipa haya tisa ungeanza. Mapipa mekundu yangeingia kwenye mchanganyiko wa kinu, ule unaofungwa kwenye mifuko yenye jina letu, na la kahawia lingekwenda kwa watengeneza soseji. Lisingekuwa jambo kubwa kama lisingetokea mwaka jana pia. Mkurugenzi Lőrinc alikwisha sema mbele ya wakulima wote kwamba atakayepelekwa kwenye soseji misimu miwili mfululizo hatapewa mkataba wakati wa kupanda. Na shangazi Etelka alikwisha sema, mbele ya watu walewale, kwamba kinu kikimkataa atampa shemeji yake shamba apande alizeti, na paprika hatagusa tena maisha yake yote. Kila anayemjua anajua kwamba atafanya hivyo.

Mimi sikuitwa kwa ajili yake. Niliitwa kwa sababu skrini ilikuwa ikizimika na kuwaka, na ilikuwa waya tu, umelegea. Nilipokuwa nikijaribu waya ndipo nikaona zile namba tatu za pipa la sita na za pipa la saba. Zilikuwa karibu sawa. Mraba mmoja ulikuwa nyekundu ya nyanya iliyoiva na mwingine ulikuwa rangi ya tope.

"Mjomba, pipa la saba umeliangalia lenyewe?" nilimuuliza.

"Nimeangalia skrini."

"Namaanisha unga wenyewe."

"Vendel, mwanangu, kinu kilinunua kifaa kutoka Ujerumani ili mimi nisiangalie. Unataka nikidharau?"

Ndiyo maana nilikuwa nimefungua programu inayochora miraba. Aliyeiandika ni Kornél, kijana mzuri, sasa yuko ng'ambo, mjini Graz. Sikutaka kumlaumu kabla ya kusoma alichoandika, maana na mimi nilijifunza haya peke yangu, kwenye vitabu vya kuazima, nikiwa fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, na nimewahi kuandika mambo ya ajabu kuliko yale.

Skrini ya namna hii ina rangi mia mbili hamsini na sita tu, na kila rangi ina namba yake. Huwezi kuiambia nyekundu kidogo, njano kidogo. Unaiambia namba, nayo inatoa rangi iliyowekwa kwenye namba hiyo. Sehemu kubwa ya rangi hizo zimepangwa kama ngazi: nyekundu ina vidato sita, kijani sita, buluu sita. Kornél alidhani vidato vinalingana. Kwa hiyo alichukua kipimo cha kila rangi, akakigawanya kwa hamsini na moja, akachukua namba nzima iliyo karibu. Mtu yeyote angefanya hivyo. Lakini vidato havilingani. Kile cha kwanza, kutoka sifuri, ni kirefu karibu mara mbili ya kile Kornél alichokidhania, na vingine ni vifupi. Paprika ina kijani kidogo sana ndani ya wekundu wake, kidogo tu, na palepale penye huo udogo ndipo ngazi inaporuka. Pipa la sita lilibaki sakafuni kwa unywele. La saba lilipanda kidato kizima na kujikuta kwenye rangi ya tope.

Niliandika vidato vya kweli, nikahifadhi, nikaita programu upya. Miraba ilipotea, ikarudi mmoja mmoja.

Wa saba ulirudi ukiwa mwekundu.

Mjomba Dezső alisogea na sufuria mkononi. "Haya. Etelka kaoga."

Kisha akanyoosha kijiko. "Na huyu je?"

Pipa la pili lilikuwa limegeuka tope.

"Hilo ni la nani?" nikauliza, ingawa jina lilikuwa pale juu.

"La shemeji wa mkurugenzi Lőrinc." Akaanza kucheka bila sauti, mabega yakimtikisika hadi kahawa ikamwagika kwenye jiko na kutoa moshi. "Iache. Iache hivyohivyo, nakuomba. Nataka kuwepo atakapoingia."

"Haiwezi kubaki hivi, mjomba."

"Kwa nini? Ilikuwa inaweza ilipokuwa Etelka."

Hilo lilinichoma kidogo, nami nikainuka. Nikaenda mpaka dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Nje walikuwa wakipakua magunia. Kila kitu huku kina rangi ileile mwezi wa Novemba: ukuta, reli, nyusi za watu, paka. Nikapiga chafya. Ngazi ya kweli nayo ilikuwa na mpaka wake, ila mpaka umehama mahali pengine, kwenye vidato vifupi vya wekundu, na sasa alikuwa amesimama juu yake mtu mwingine. Ningeweza kuusogeza huku na huku mpaka usiku, nikichagua tu nani apakwe tope.

Baiskeli iliegemezwa ukutani, tukamsikia shangazi Etelka akifoka na mbwa wa mlinzi kabla hajaingia. Alikuwa amevaa makoti mawili na ameshika chupa ya achari iliyojaa unga mwekundu.

"Nani kawaambia pipa langu kahawia?" akasema. Salamu ilikuja baadaye.

"Kaa kwanza, Etelka," mjomba Dezső akasema. "Kahawa ipo, nusu yake imeungua."

"Sikai. Nikikaa magoti yatagoma kuinuka. Vendel, ni wewe uliyeifanya kahawia?"

"Hapana, shangazi. Mimi nimeifanya nyekundu, dakika hii hii."

Alisogea kwenye skrini mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akautazama mraba wake kwa muda.

"Hii siyo yangu," akasema. "Yangu ni nyekundu zaidi."

"Mwanamke huyu," mjomba Dezső akasema. "Ukimpa mbingu atauliza mbona haina zizi."

"Wewe nyamaza. Wewe ulikuwa unapaka unga kwenye karatasi nyeupe, unauburuta kwa kisu, unausogeza dirishani. Mume wangu alikuwa akisema, Dezső akishaipitisha kwa kisu hakuna wa kubisha. Siku hizi umekaa hapa kama mtu anayetazama mpira. Karatasi iko wapi? Kisu kiko wapi?"

Mjomba Dezső alimimina kahawa kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa. "Kisu kipo," akasema.

"Basi chukua." Akaweka chupa mezani. "Huu ni unga wa pipa lile lile. Nilijibakizia wa supu ya samaki. Upake."

"Nitaupaka."

"Lini?"

"Mwache Vendel amalize kwanza. Tutafanya yote kwa pamoja."

Shangazi Etelka alimtazama kwa namna ambayo nisingependa kutazamwa. Kisha akavuta gunia tupu, akaliweka juu ya kreti, akakaa licha ya magoti yake, na hakuonekana mtu mwenye mpango wa kuondoka.

Nikarudi kwenye kazi huku watu wawili wakinitazama kutoka nyuma. Siandiki vizuri nikitazamwa. Nilikosea mara mbili neno moja, nikafuta, nikainuka, nikakaa.

Nilichokuwa nacho kichwani ni hiki. Kifaa kinapopima paprika hakitoi nyekundu, kijani na buluu. Kinatoa namba tatu za namna nyingine: ya kwanza inasema rangi ina mwanga kiasi gani, ya pili inasema iko wapi kati ya kijani na nyekundu, ya tatu iko wapi kati ya buluu na njano. Namna hiyo ya kuzipanga rangi ilitungwa kwa kufuata jicho la mtu. Rangi mbili zikiwa mbali kwa namba, jicho nalo linaziona ziko mbali. Kornél alikuwa akizichukua hizo namba tatu nzuri na kuzigeuza mara moja kuwa lugha ya skrini, kisha anatafuta kidato katika lugha ambayo umbali wake haufanani na umbali wa jicho. Niliamua kugeuza upande wa pili. Nilizichukua rangi zote za skrini, moja moja, nikazigeuza ziwe na namba tatu kama za kifaa. Halafu kwa kila pipa nikatafuta rangi ya skrini iliyo karibu nalo zaidi humo, kwa kipimo cha jicho.

Kugeuza kwenyewe kuna hatua ambazo huwezi kuziruka. Namba ya skrini si kiasi cha mwanga, imekunjwa, na lazima uikunjue kwanza. Nikasahau kuikunjua. Matokeo yalikuwa mapipa tisa ya rangi ya waridi.

"Mnatengeneza sabuni?" shangazi Etelka akauliza.

"Dakika moja, shangazi."

"Dezső, kinu kimeanza kusaga maua."

"Mwache mtu afanye kazi, Etelka, la sivyo nitakupa fagio."

Nilikunjua kile cha kukunjuliwa. Mchana ulikuwa umeshapita na hatukuwa tumekula, isipokuwa mkate wenye mafuta ya nguruwe na kitunguu ambao mjomba Dezső aliukata kwa kisu, kisu kilekile. Nikaita programu tena.

Hakuna aliyekuwa tope. Pipa la pili lilirudi kuwa jekundu, la saba likabaki jekundu, la sita jekundu. La tisa, ambalo sote tulijua lilinyeshewa likiwa bado kwenye ukumbi wa kukaushia, lilikuwa jekundu. Yote tisa yalikuwa nyekundu ileile moja, kama shati moja lililokatwa vipande tisa.

Nilikaa nikaitazama. Hesabu ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimeikagua. Katika rangi zote za skrini ile, nyekundu iliyo karibu na paprika ni moja tu, na mapipa yote yalikuwa yamekwenda kujibanza kwake.

"Sasa umetuharibia kabisa," mjomba Dezső akasema polepole. "Jana ilikuwa inamsingizia mtu mmoja. Leo haisemi lolote kuhusu yeyote. Kesho nichanganye nini? Kila kitu na kila kitu?"

"Lakini mimi si kahawia tena," shangazi Etelka akasema.

"Wewe si chochote, mama. Uko sawa na lile lililooza."

Shangazi Etelka aliitazama chupa yake juu ya meza, na kwa mara ya kwanza tangu aingie niliona kwamba ana hofu. Alikuwa amekuja kupigana na skrini inayosema uongo, na kupigana anakujua. Skrini isiyosema kitu hakujua aishike wapi. Na wala mimi sikujua bado kama unga wake ulikuwa mzuri. Kwa macho yangu ulikuwa mwekundu, lakini kwa macho yangu hata vumbi la dirishani ni jekundu. Sikutaka kumpa moyo kwa kitu nisichokijua.

Simu ya ukutani ikalia. Mjomba Dezső aliisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akakata simu. "Lőrinc. Lori la kwanza linakuja alfajiri. Anauliza orodha ya mapipa ya kwanza."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ndiyo. Umenisikia."

Niliinuka tena. Nadhani nilizunguka meza ile mara nyingi kiasi cha kumchosha shangazi Etelka, maana alinyoosha mguu kunizuia. "Kaa," akasema. "Unanifanya nihisi niko kwenye meli."

Nikakaa, na nilipokaa nikakumbuka kitu nilichokisoma zamani na ambacho sikuwahi kukihitaji. Rangi iliyo kwenye namba imewekwa pale kwa desturi tu. Skrini nyingi zinakubali kuambiwa: kuanzia sasa, namba fulani iwe rangi hii. Unatuma mstari mfupi wa herufi, nayo inatii. Sikuwa na uhakika kama skrini hii kuukuu ingetii. Nilichagua namba moja ya kijivu ambayo programu haiitumii popote, nikaiandikia ule mstari, nikiiamuru iwe nyekundu ya pipa la saba jinsi kifaa kilivyoipima, siyo jirani yake wa karibu.

Mraba wa saba ulibadilika. Ulikuwa mwekundu wa kweli, mzito kidogo, wenye joto chini yake.

Shangazi Etelka alisimama. Alichukua chupa yake akaiweka kando ya kioo. Akaondoa, akaweka tena.

"Hii," akasema.

Nikachukua kijivu zaidi, kila pipa na namba yake. Haikuchukua muda mrefu baada ya ile ya kwanza. Miraba tisa, nyekundu tisa. Sasa hata mimi niliona kwamba la tisa limefifia, kwamba la pili linaelekea kwenye njano, na kwamba la saba liko katikati ya wenzake, si bora kuliko yote, wala halina sababu ya kwenda kwenye soseji. Mabega yangu yalishuka. Nilidhani tumemaliza.

"Mjomba," nikasema. "Njoo uchague."

Alikuja. Alisimama mbele ya skrini, mikono nyuma. Alikaa hivyo kwa muda mrefu mno. Kisha akafumba jicho la kushoto. Akalifumbua, akafumba la kulia. Akarudia.

"Ni ngapi?" akaniuliza.

"Ngapi nini?"

"Nyekundu. Unaona ngapi?"

"Tisa, mjomba."

Alifuta uso kwa kiganja, akauacha mstari mwekundu kwenye paji. "Kwa hili la kulia naona sita, labda saba. Kwa hili la kushoto naona mbili. Na nikiyafumbua yote mawili yanagombana, sioni kitu cha kuapia."

Jiko la umeme lilikuwa limeachwa linawaka, shangazi Etelka akanyoosha mkono akalizima.

"Mtoto wa jicho," mjomba Dezső akasema. "La kulia walinifanyia upasuaji hospitalini Szeged, kabla ya mavuno ya mwaka jana. Wakaniwekea kioo kipya. Ulimwengu ukawa buluu, shuka zikawa buluu, hata maziwa. La kushoto bado, na kwalo kila kitu ni njano kama picha ya zamani. Nimepanga foleni. Nikiupaka unga kwenye karatasi, naona unga wa aina mbili. Ndipo kikaja kifaa, na miraba. Nyekundu, tope. Hata jicho bovu linajua nyekundu na tope."

"Na ukanipeleka kwenye soseji," shangazi Etelka akasema.

"Nikakupeleka kwenye soseji."

Nilidhani angemrushia chupa. Alikaa chini tu. "Ungesema, mjinga wewe," akasema. "Mimi nimebadilishwa nyonga zote mbili, nikawekewa za chuma, na kila mtu kijijini anajua hata ni chuma gani."

"Wewe huhitaji nyonga kuchanganya paprika."

"Aangalie mtu mwingine, basi. Lőrinc."

"Lőrinc hajui paprika na kutu."

"Vendel."

"Mimi hapana, shangazi," nikasema. "Naona tofauti. Sijui ipi inakwenda na ipi. Hilo analijua yeye."

Na ndilo lililokuwa kweli. Kuchanganya si kuchagua nyekundu iliyo nzuri. Ni kujua kwamba hii nzito ikiingia na ile ya njano, vijiko vingapi vya kila moja, matokeo yatakuwa ileile ya mwaka uliopita. Maarifa hayo yalikuwa yote ndani ya kichwa chake, yamekaa nyuma ya macho mawili yasiyoelewana.

Nilizirudia namba za kifaa. Pipa la sita na la saba: mwanga sawa, wekundu sawa, tofauti yao karibu yote iko kwenye namba ya tatu, ile ya buluu na njano. La pili pia. Mapipa haya yalitofautiana zaidi upande uleule ambao jicho moja la mjomba lilikuwa limeuzamisha na jingine limeuzidisha. Lakini namba ya kwanza, ya mwanga, haikuguswa sana na njano ya kioo cha jicho. Mtu mwenye jicho la njano bado anajua jua na kivuli.

"Mjomba," nikasema, "nikikudanganya kwa utaratibu, utakubali?"

"Inategemea utaratibu."

"Tofauti iliyo kwenye njano nitaihamishia kwenye mwanga. Pipa lenye njano zaidi utaliona jeupe zaidi kidogo, lenye njano kidogo utaliona zito. Haitakuwa rangi ya unga. Itakuwa kama ramani yake. Lakini macho yako yote mawili yataiona sawa."

Alifikiri. "Nionyeshe."

Nilifanya mapipa mawili tu, la sita na la saba. Nilichukua namba tatu za kila moja, nikasogeza, nikakunja tena kwenda lugha ya skrini, nikatuma. Mraba mmoja ulipanda mwanga, mwingine ukashuka.

Mjomba Dezső alifumba jicho la kushoto. Akafumba la kulia. Akayafumbua yote.

"Mbili," akasema. "Na mbili. Na mbili." Kisha: "Lakini sijui mbili hizi zina maana gani kwenye kijiko. Jeupe kiasi hiki ni njano kiasi gani? Lazima nijifunze. Lazima nipake unga, Etelka akae pembeni aniambie anaona nini, wewe usogeze, mpaka kichwa kikubali. Si kazi ya saa moja."

"Lori linakuja alfajiri," nikasema.

"Najua lori linakuja lini."

Alitembea mpaka kwenye simu ya ukutani. Alisimama nayo mkononi bila kubonyeza, na shangazi Etelka akageuza uso kuelekea dirishani, nami nikajifanya nakagua waya. Kisha akabonyeza.

"Lőrinc. Dezső. Hapana, orodha bado. Nisikilize. Pakia kwenye lori mabaki ya wiki iliyopita, yapo ghalani, yameshachanganywa. Mapipa haya tisa yasiguswe kesho. Hata la saba. Hasa la saba." Akasikiliza. "Kwa sababu jicho langu la kushoto haliioni paprika, na la kulia linaiona vibaya, na mwaka jana nilimpeleka mtu kwenye soseji kwa mraba wa skrini. Ndiyo. Tangu kabla ya mavuno ya mwaka jana. Ndiyo, najua ningesema." Tulisikia sauti ya Lőrinc ikipanda na kushuka bila kusikia maneno. "Hata wakitaka kuniondoa waniondoe keshokutwa. Kesho nina kazi."

Aliweka simu. "Ametupa mpaka kesho jioni," akasema. "Baada ya hapo anachanganya mwenyewe, kwa kijiko cha chai."

"Mungu atulinde," shangazi Etelka akasema.

Nje kulikuwa kumeanza giza, kama kawaida ya Novemba, mapema na bila kuaga. Shangazi Etelka alifunga vifungo vya koti la juu, chupa akaiacha mezani. Mjomba Dezső aliifungua, akachota kwa ncha ya kisu, akapaka kwenye karatasi nyeupe, akaburuta mara moja, taratibu. Hakuisogeza dirishani. Hapakuwa na mwanga tena wa kuisogezea. Aliiweka chini ya bakuli ili isipeperuke.

"Njoo mapema," akaniambia. "Na wewe Etelka, njoo, lakini bila kufoka na mbwa."

"Mbwa ndiye anaanza."

Nilihifadhi nilichokuwa nacho: mapipa mawili yenye ramani, saba yakiwa bado na rangi zao halisi. Juu ya mstari wa pipa la kwanza niliandika neno moja la kujikumbusha, *anzia hapa*. Nikafuta kioo cha skrini kwa kitambaa kikavu, nikapiga chafya, nikazima taa.